Toleo Jipya Lililogoma Mtera

Bupe alikuwa hajamaliza chai yake mgahawani Chimwaga simu ilipoita. Ni Joel, fundi wa kompyuta za zahanati za upande wa Mtera.

"Dada Bupe, mmetufanyia nini? Toleo lenu jipya limekataa kujengeka kwenye mashine yetu."

Bupe na mwenzake Denis walitunza maktaba ya msimbo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, ambayo mafundi wengine waliitumia kujengea programu zao. Ya Joel ilipima joto la friji la chanjo na kupiga kengele likipanda. Jana Bupe alikuwa amefuta njia ya kujenga kwa zana za zamani, akidhani hakuna anayeitumia tena.

"Rudi kwenye toleo la zamani, kaka."

"Lile ndilo lililonyamaza waya wa kipimajoto ulipochomoka! Nalitaka hili mlilorekebisha, ila kompyuta yetu ni kongwe, haina zana zenu mpya. Chanjo tumezihamishia kwenye boksi la barafu, na jua unalijua."

Bupe alikimbilia ofisini, akaeleza yaliyotokea. Denis hakuinua hata kichwa.

"Wabadilishe kompyuta. Tukiwabeba wote wa zamani, sisi tutasogea lini?"

"Leo watabadilishaje, Denis?"

Akairudisha njia aliyoifuta, akamtumia Joel. Ikagoma. Akasahihisha, akatuma tena, ikagoma palepale. Aliketi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Kila simu ilipotikisika aliona barafu ikiyeyuka.

"Joel, nisomee maneno yanayotokea. Polepole."

Joel akasoma. Kulikuwa na faili lisiloonekana. Bupe akajipiga paji la uso: alilihamisha mwenyewe wakati wa kupanga mafaili upya, na njia ya zamani ilikuwa ikilitafuta mahali pake pa awali. Akaweka pale faili dogo la kuelekeza kwenye lile lililohama. Akajaribu njia mpya kwanza, kuhakikisha hajaiharibu, ikajenga. Akatuma.

Akasubiri, simu ikiwa sikioni.

"Imejenga," Joel akasema. "Ngoja nichomoe waya."

Kengele ikalia hadi Bupe akaisogeza simu mbali na sikio.

"Asante, dada. Nesi anarudisha chanjo."

Denis akapumua. "Haya, tumemaliza."

"Joel ana namba yangu," Bupe akasema. "Wasio nayo je?"

Bupe akafungua ukurasa wa maktaba yao, akaandika kwamba njia ya zamani imerudi na haitaondolewa tena bila taarifa. Kisha akaanza kupitia, moja baada ya nyingine, kila kitu kingine alichokifuta jana.