Kabureta Iliyoganda

Kila asubuhi nilianza na majina. Darasa la saba lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na nilipenda kuwaita polepole, nikisubiri kila mmoja aseme "Nipo, mwalimu" kabla ya kutia alama kwenye rejista. Jumanne ile nilikuwa nimefika kwenye jina la Syokau wakati Mwalimu Mkuu, Bwana Danson, aliposukuma mlango bila kubisha. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko.

"Mwalimu Tryphena, hebu toka. Pikipiki imekataa."

Syokau alibaki amesimama, hajajibu.

Fomu za kuwaandikisha watoto hao kwa mtihani wa CPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, zilitakiwa zifike ofisi ya elimu kule Voi siku hiyo, kabla ya saa kumi. Zisipofika, hakuna hata mmoja wao ambaye angefanya mtihani mwaka ule wa 1976. Babake Syokau alikuwa amemruhusu asome mwaka mmoja tu zaidi, na mwaka wenyewe ndio huo. Kwetu Rukanga hapakuwa na simu. Lori la Obadiah hushuka Voi Jumatatu na Alhamisi, na Jumatatu halikuja kwa sababu ya mvua. Ilibaki pikipiki ya Mwalimu Mkuu, BSA aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Ilikuwa imelala stoo tangu Januari, Mwalimu Mkuu alipovunjika mguu.

Fomu hizo zingekuwa zimefika Voi siku tano zilizopita. Mimi ndiye niliyetumwa kumkabidhi Obadiah.

Alhamisi nilisimama kando ya barabara na bahasha mkononi. Lori lilisimama. Obadiah alizima hata injini ili anisikie. Juu ya magunia walikaa wanaume kama sita, na mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo barua ni yangu? Basi njoo unisomee huku juu!" Wenzake wakacheka. Hayakuwa matusi, ulikuwa utani wa watu wa safari. Lakini shingo iliniwaka moto, nikasema, "Napita tu," nikageuka. Obadiah alinipigia honi mara mbili. Sikutazama nyuma.

Nilipomrudishia Mwalimu Mkuu bahasha, aliuliza, "Obadiah amekataa kuibeba?"

Nilitazama viatu vyangu. Kwetu msichana akiulizwa jambo akanyamaza, amekubali. Hata posa hujibiwa hivyo. Mwalimu Mkuu akapiga meza. "Nilijua! Yule mtu ana kiburi." Nami nikaendelea kunyamaza.

Sasa nilimfuata hadi nyuma ya stoo. Philemon, fundi wa baiskeli na cherehani, alikuwa ameketi juu ya kigoda na kabureta, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, mbele yake kwenye gunia. Walikuwa hapo tangu alfajiri. Petroli ya Januari ilikuwa imekauka ndani ikawa gundi, rangi ya asali, yenye harufu kali ya rangi ya mlango. Alikuwa amefungua kikombe cha chini na kulitoa boya. Jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo, alikuwa amekizibua kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, maana waya ungepanua tundu. Lakini slaidi ilikuwa imemshinda. Slaidi ni bomba fupi la chuma, nene kama dole gumba, ambalo hupanda na kushuka ndani ya kabureta dereva anapozungusha mkono wa mafuta. Ilikuwa imeganda chini, na isipopanda injini haipumui.

"Una vidole vyembamba, mwanangu," Philemon aliniambia. "Shika hapa. Usiachie."

Nilishika. Alivuta kwa koleo, likateleza. Akamwaga mafuta taa, tukangoja, akavuta tena. Kila koleo lilipoteleza liliacha mkwaruzo mpya.

"Hii ikivunjika?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Ikivunjika, ingine iko Mombasa. Labda."

Mwalimu Mkuu alitazama saa yake. Kutoka kwetu hadi Maungu, kisha Voi, ni saa tatu za pikipiki barabara ikiwa na matope. Ikiwa kufikia saa saba pikipiki haiko njiani, basi yote yamekwisha. Ilikuwa saa nne na robo.

Mimi nilijua la kufanya. Si kwamba najua pikipiki. Chuoni, katika somo la sayansi kimu, tulifundishwa kutenganisha bilauri mbili zilizonasana: ya nje iingie maji ya moto ipanuke, ya ndani ipozwe kwa maji baridi inywee. Niliitazama ile slaidi ndani ya kabureta nikaona bilauri ndani ya bilauri. Nilifungua mdomo. Philemon alikuwa na umri wa baba yangu, tena alikuwa amejaa jasho na hasira. Nikafunga mdomo.

Badala yake nilikwenda jikoni mwa shule, nikachochea moto, nikabandika sufuria ndogo ya uji iliyojaa maji. Yalipochemka niliibeba kwa vitambaa hadi pale kwenye gunia, nikasema, "Fundi, maji yamechemka."

Hakuinua macho. "Asante, mwanangu. Tia majani."

"Na sukari usisahau," Mwalimu Mkuu akaongeza.

Nilisimama pale. Mvuke ulinipanda usoni. Kisha, Mungu anisamehe, nikarudi jikoni nikatia majani. Nikatia na sukari. Nikawaletea vikombe viwili, wakanywa wima wima bila kuonja, na mimi nikawa nalia kimyakimya nyuma ya ukuta, nikiwasikia watoto darasani wakisoma kwa sauti nilivyowaachia, hawajui kwamba mwalimu wao anapika chai juu ya mtihani wao.

Nilibandika maji mengine. Niliporudi ilikuwa saa sita kasoro robo. Philemon alikuwa ameweka patasi kwenye ukingo wa slaidi na kuinua nyundo.

"Usipige!"

Sauti ilitoka kabla sijajua ni yangu. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kabureta, chini ya nyundo.

"Toa mkono, mwanangu."

"Ichemshe," nikasema.

"Nini?"

"Ichemshe, fundi. Yote."

Philemon alimgeukia Mwalimu Mkuu. "Nichemshe kabureta. Na chumvi nitie kiasi gani?"

"Kwani kuna njia nyingine?" Mwalimu Mkuu alisema. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. "Mpe. Mpe tu."

Niliipeleka jikoni, wao wakinifuata, nikaifunga kwa kamba na kuitumbukiza kwenye yale maji yanayotokota. Gundi ilianza kutoka taratibu, nyuzi za kahawia zikaelea. Niliwaeleza habari za bilauri huku nikiangalia sufuria, si nyuso zao. Baada ya dakika ishirini niliitoa. Philemon aliishika kwa gunia, nami nikasukuma kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungi ndani ya slaidi, nikakiacha hapo, nikahesabu hadi kumi.

"Sasa gonga kwa mti. Polepole, kama unayegonga yai."

Akagonga. Hakuna kitu. Akagonga tena. Mwalimu Mkuu alikuwa amefumba macho. Mara ya tatu tulisikia *tk*, kitu kidogo mno, na slaidi ikapanda upana wa ukucha. Philemon akaikamata kwa vidole vitupu, akaizungusha, akavuta. Ikatoka yote, inang'aa, ina moto.

"Lo! Mwalimu!" akasema. "Nawe ulikuwa wapi tangu asubuhi?"

Nilimpa kitambaa kikavu.

Alisafisha, akafunga kila kitu mahali pake, akatia petroli mpya. Teke la kwanza, la pili, la tano. Kwa la saba injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Watoto walimiminika madirishani wakipiga kelele.

"Usizime!" Philemon alipiga kelele zaidi yao. "Ukizima siahidi kitu!"

Mwalimu Mkuu alipanda. Aliingiza bahasha ya fomu kifuani, kisha akatoa karatasi nyingine aliyokuwa ameiandika tulipokuwa tukichemsha, akanionyesha kwa fahari. "Wakiuliza mbona tumefika siku ya mwisho, jibu hili hapa."

Niliisoma pikipiki ikitetemeka kando yangu. *Dereva Obadiah alikataa kwa makusudi kubeba fomu za serikali. Naomba asiruhusiwe tena kubeba chakula cha shule.* Chakula cha shule ndiyo kazi iliyomleta Obadiah huku kwetu. Chini kulikuwa na sahihi na muhuri.

"Si kweli," nikasema.

"Eh?" Aliweka mkono sikioni. Injini ilinguruma.

"Nimesema si kweli."

"Sikusikii! Saa inakwenda, mwalimu, nipe hiyo barua!" Alinyoosha mkono. Hakuweza kuzima, hakuweza kungoja. Darasa zima lilikuwa linatutazama, Syokau mbele yao amekaa juu ya ukingo wa dirisha, na fundi, na mpishi wa uji aliyekuwa ndiyo kwanza afike. Nilitaka kutazama viatu vyangu. Barua ilikuwa mkononi mwangu na mkono wake ulikuwa umeikamata upande wa pili.

Sikuiachia. Nilivuta pumzi iliyojaa moshi, nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe.

"Obadiah hakukataa! Alisimama! Alizima lori akaningoja! Ni mimi niliona haya nikarudi na bahasha, na uliponiuliza nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo! Futa jina lake, Mwalimu Mkuu! Andika langu!"