Ndizi Zilizoangalia Chini

Mimi Haron Nyamongo nimezaliwa kwenye migomba, nimelelewa kwa ndizi, na siku yangu ikifika nitapitishwa katikati ya migomba kwenda kaburini. Kwa hiyo wenye Mtaa wa Kijani, zile nyumba mpya nje kidogo ya mji wa Kisii, waliponiita niwachongee sanamu ya langoni, sikusita. Walikuwa wameng'oa migomba yote pale ili wajenge, na sasa walitaka mmoja wa jiwe uwe ukumbusho. Niliwaambia wamempata mwenyewe.

Kusema kweli, niliyetaka kumridhisha ni mama mkwe wangu, muuza ndizi wa Birongo. Miaka kumi na moja nimekaa na binti yake Nyanchera nikichonga viboko na twiga wadogo wa kuwekwa mezani, na kila akija mama mkwe humuuliza binti yake, "Mume wako ataanza kazi lini?" Huniuliza kupitia kwake hata nikiwa nimesimama hapo hapo. Kwetu mkwe na mama mkwe hustahiana. Hawapeani mikono, hawataniani, hawatazamani usoni. Tunaiita chinsoni.

Nilijifungia miezi mitatu. Nilinunua mkungu mkubwa, nikausimamisha mezani kwa kile kikonyo chake kinene kilichokatwa mgombani, vile wachuuzi huusimamisha sokoni, nikauchonga chane kwa chane katika jiwe laini la Tabaka. Jirani akichungulia, nilimwambia kwamba msanii lazima ayatazame maumbile kwa unyenyekevu. Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Siku ya uzinduzi, mwenyekiti wa wakazi, Bwana Owino, alivuta kitambaa. Mgomba wa jiwe ukaonekana, mrefu mara mbili yangu, mkungu ukining'inia, na chini yake kibao: "Maumbile Yalivyo". Watu wakapiga makofi. Owino akasema hajawahi kuona ndizi zenye uhai namna hiyo, nami nikainamisha kichwa kama nilivyofanya mazoezi mbele ya kioo.

Mama mkwe alikuwa nyuma na wenzake wawili wa sokoni. Hawakupiga makofi. Mmoja alijifunika mdomo kwa leso. Mama mkwe akamgeukia binti yake, hatua mbili kutoka niliposimama.

"Nyanchera, muulize mume wako, hizo ndizi zinatafuta nini chini?"

Nikatazama. Mgombani, ndizi hupinda kuelekea juu; kila mtoto wa Kisii anajua. Zangu zote zilielekea ardhini, kwa sababu nilikuwa nimeuchonga mkungu uliosimama kichwa chini miguu juu, kisha nikauning'iniza vile vile nilivyouona. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Kufika Jumatatu, watu wa bodaboda walikuwa wameshakipa kituo cha pale langoni jina.

"Unashukia wapi, mathe? Kwa ndizi zinalia?"

Owino alinihurumia. "Wachana nayo, fundi. Sisi wengine hata hatukuona."

Nilitamani sana kumsikiliza. Hata nilitunga maelezo: kwamba ndizi zangu zimeinamisha vichwa kuiombolezea migomba iliyokatwa. Nilimsomea Nyanchera, tena kwa sauti nzito.

"Hiyo mwambie Owino," akasema. "Mama usimwambie."

Jumatano nikabeba ngazi, nikaita vijana wawili wanisaidie. Nililegeza vyuma vilivyoshika mkungu, tukauteremsha kwa kamba, nikaupindua, tukaupandisha tena, kisha nikaanza kuchonga upya pale unapoungana na mgomba. Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa juu pale, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, mji mzima ukipita chini yangu. Sijawahi kuwa msanii anayetazamwa na watu wengi hivyo.

Kisha nikasikia sauti za akina mama wenye mizigo. Mmoja, yule wa leso, akaanza, "Hebu tumuulize leo zinatafuta nini—"

"Mwache," mama mkwe akamkata. "Mkwe wangu yuko kazini."

Hakunitazama, nami sikugeuka, maana ndivyo inavyotakiwa. Lakini nilifurahi kiasi kwamba nyundo iliikosa patasi ikatua kwenye kidole gumba. Nilinyamaza kimya hadi wakapita kona, nisije nikampa sababu ya kuyarudisha maneno yake.