Gego Lisilotafuna

Ulimi wa Hilda haukutulia tangu atoke Musoma. Ulikuwa ukienda kwenye gego la chini upande wa kulia, unaligusa, unarudi, kisha unakwenda tena, kama mama aliyemwacha mtoto mgonjwa ndani. Gego lenyewe halikuuma. Daktari wa meno, Yusto, alikuwa ameshasafisha mizizi yake na kuliziba, na asubuhi hiyo alikuwa amesema limepona. Kisha akaongeza:

"Sasa tulichonge pembeni, tulivishe kofia ya kulikinga."

"Kulichonga? Si limepona, dokta?"

"Limepona, lakini limebaki ganda. Ukuta mmoja uliliwa wote. Lingekuwa la mbele, na zima, ningeliacha. Hili ni la kutafunia. Linaweza kukaa miaka, linaweza kupasuka kwa bisi tu. Likipasuka hadi mzizini, ni kung'oa."

Kung'oa ndiko alikokukataa tangu mwanzo, ndugu zake wote walipomwambia jino ni jino tu. Alilipigania. Leo akubali lisagwe kwa mashine? Akasema atafikiri, akaondoka. Badala ya kurudi moja kwa moja Bunda anakofundisha, akapitia Butiama kwa bibi yake. Katika ukoo wao, aliyejua kuchongwa meno alikuwa Bibi Wegesa peke yake.

Meno yake ya mbele yalichongwa ncha alipokuwa msichana, kwa desturi ya Wazanaki, bila ganzi.

"Wanataka kukuchonga, mke mwenzangu?" Bibi akacheka Hilda alipomweleza, ncha zikachomoza. "Sisi tulikuwaga tunachongwa tuonekane. Nyie mnachonga halafu mnafunika."

"Hukuogopa, bibi?"

"Niliogopa kubaki hivihivi. Nani angenitazama? Na mpaka leo hayajaniuma. Liache hilo, mwalimu. Au ling'oe, lisikusumbue."

Hilda akalishika neno la kwanza kwa moyo wote. Liache. Kama ya bibi yamesimama miaka yote hiyo bila kofia, kwa nini lake lisisimame?

Wakala mahindi ya kuchoma. Punje moja ikateleza upande wa kulia. Hilda akaacha kutafuna, akafungua kinywa polepole, akaitoa kwa kidole.

"Mbona unakula kama umeficha yai mdomoni?" Bibi akauliza.

"Naogopa kulitafunia, bibi. Tangu lizibwe sijalitafunia hata siku moja."

"Halafu hutaki kuling'oa, hutaki kulichonga. Sasa unalifugia nini?"

Hilda akataka kucheka, akashindwa. Meno ya bibi yalichongwa yakiwa hai, na bado yalikuwa yakipukuchua muhindi bila kufikiriwa. La kwake lilikuwa ganda tupu, nalo alililinda hata dhidi ya chakula. Alikuwa ameliokoa lisitoke, akasahau kuliokoa lifanye kazi.

Akatoka uani, akampigia daktari.

"Dokta, ni Hilda wa asubuhi. Kuchonga kunauma?"

"Jino halitasikia kitu. Ufizi tutautia ganzi."

Ulimi ukaenda tena kwenye gego, ukakaa.

"Jumatatu nakuja," akasema.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza bila aibu. "Mwambie akichonga hilo, asiache na ya mbele. Upendeze kidogo."

Hilda akarudi kukaa, akachukua muhindi wake, akaendelea kula kwa upande wa kushoto.