Boti Isiyokwisha Kuvuja

Tik. Kimya. Tik, tik.

Mama Bosi alifumbua macho gizani akatega sikio. Kwanza alidhani ni bomba la jikoni, lile linalodondosha hata ukilikaba koo. Akaenda pekupeku, akipapasa ukuta, akaweka kiganja chini ya bomba. Kikavu. Tik. Sauti ilitoka uani.

Akachungulia kwenye upenyo wa mlango wa nyuma. Kulikuwa hakujapambazuka, ila weupe mdogo juu ya ukuta wa jirani ulitosha kuona. Boti ilikuwa imefudikizwa juu ya matairi chakavu kama siku zote, na baba mkwe wake amepiga magoti ubavuni mwake, tindo mkono huu, nyundo mkono huu. Kichwa cha nyundo alikuwa amekivisha soksi. Aligonga kidogo, akainamisha uso karibu na bati, akapuliza, akasogea, akagonga tena.

Mzee alikuwa analegeza ribiti, zile pini zinazoshona bati. Tena si zile za zamani. Alikuwa analegeza zile walizozipiga jana, yeye na mkwewe, joto la bati likiwachosha mpaka wakawa hawasemezani.

Mama Bosi hakutoka. Alirudi kitandani, akalala ubavu, akaweka mkono juu ya mgongo wa binti yake, Bosi, akatazama dari mpaka dari ikaanza kuonekana.

Boti yenyewe ilikuwa ya mzee tangu enzi zake za uvuvi: aluminiamu tupu, nyepesi, imebonyea huku na huku. Alipoacha kuvua aliitupa nyuma ya nyumba, kuku wakaifanya hospitali ya wazazi. Ingebaki hivyo hivyo, ila mwanawe, yaani mume wa Mama Bosi, alikwenda mbali kutafuta maisha, na siku moja akapiga simu akasema, "Baba, itengeneze ile boti. Nikirudi tutaingia majini mimi na wewe." Mzee hakumaliza hata chai. Siku hiyo hiyo kuku walihamishwa na mayai yao. Bosi wakati huo alikuwa anatambaa. Babu yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa akikaa kitako katikati ya ua na kumnyooshea kidole kila mtu. Sasa alikuwa ametimiza miaka ya kubishana, na ubishi alikuwa nao wa kugawa.

Kazi ilianza kwa kukwangua rangi kuukuu. Ikafuata kung'oa ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, maana ulikuwa umeoza ukawa kama mkate uliolowa. Kisha zikaja ribiti. Boti ya namna hii imeshonwa kwa ribiti, vijipini vyenye kichwa cha mviringo, safu kwa safu, kama mshono wa shati. Mshono ukilegea, maji hayaombi ruhusa. Na ribiti haipigwi na mtu mmoja. Mmoja anakuwa nje na nyundo, mwenzake anakuwa ndani na chuma kizito, anakikandamiza kwenye mkia wa pini ili nyundo ikitua, mkia usagike na kushika. Wakati wote huo hawaonani. Kati yao kuna bati. Mama Bosi alikuwa akilala chali juu ya gunia, chini ya boti iliyofudikizwa, akigonga mara moja kusema niko tayari, na mzee akishamaliza anagonga mara mbili kusema imekubali. Mtu angepita angedhani wanacheza.

Ni walipokuwa kwenye ule ubao wa nyuma ndipo mume alipompigia Mama Bosi simu. Alisema, "Usinisubiri. Nina nyumba huku, na mtoto yuko njiani." Aliyasema kwa adabu, kama muuza duka anayekwambia sukari imekwisha, jaribu duka la mbele.

Akalia anapolilia mtu mwenye mtoto, yaani bafuni, maji yakiwa wazi. Lakini mzee hakumwambia. Utamwambiaje mtu aliyejaa vumbi la msasa mpaka kwenye nyusi kwamba anayemng'arishia chombo harudi? Akajipangia mwenyewe: kwanza boti iishe. Mzee aione ikielea, roho yake ipate pa kushika, ndipo aambiwe. Dada yake alikuwa amempatia kazi kwenye jiko la shule, mji mwingine, chumba kimo na mtoto anasoma hapo hapo. Kazi ya kupata mara moja katika maisha. Kwa hiyo alimwambia mzee nusu ya habari. "Baba, boti ikiacha kuvuja, mimi na Bosi tutaenda kwa dada kidogo."

"Ni haki yako, mwanangu," mzee akasema, akaendelea kusugua.

Tangu siku hiyo, boti haikuacha kuvuja.

Kila walipomaliza safu waliigeuza, wakaijaza maji ndoo kwa ndoo, kisha wakapiga magoti kuchungulia chini. Boti ikijazwa maji nchi kavu, tundu linajisema lenyewe: tone linatokeza nje, unaliwekea alama ya chaki. Na kila mara matone yalikuwapo. Mzee alikuwa akitikisa kichwa na kusema kwa upole, "Hapa ulishika chuma kilegevu, mwanangu." Naye alikuwa akitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. Alianza kunyanyua kile chuma jioni, peke yake, mara kwa mara, ili mikono ipate nguvu. Fundi baiskeli, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa haishi kuwachungulia.

"Mzee, hiyo ni boti au chujio?"

"Wewe ziba mipira yako, unyamaze."

"Mpira wangu una tundu moja, mzee. Wako una ukoo mzima!"

Bosi alikuwa akicheka mpaka anakaa chini, ingawa hakujua chujio la boti lina kichekesho gani.

Ndiyo maana asubuhi ile, baada ya kuyaona aliyoyaona, Mama Bosi alikunywa chai bila kusikia ladha. Mzee naye alikuwa akipuliza kikombe kilichokwisha kupoa. Bosi alipelekwa kwa fundi baiskeli kuzungusha magurudumu. Mama Bosi akaingia chini ya boti, akalala kwenye gunia lake, akashika chuma.

Mzee akagonga. Hakujibiwa.

"Umelala huko?"

"Sijalala, baba. Tangu alfajiri sijalala."

"Mbu?"

"Labda awe mbu mwenye tindo."

Kutoka pale alipolala aliweza kuona miguu ya mzee tu, ndala zilizochakaa visigino, vidole vikijikunja vikijikunjua. Alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini hasira ilikataa kuja, kilichokuja ni sauti ndogo ya mtoto aliyeonewa.

"Ulinisingizia mikono yangu, baba. Nimelia bafuni kwa ajili ya mikono yangu."

"Najua. Nilikusikia."

"Ukaniacha tu?"

"Nilisema kesho naacha. Kila siku nasema kesho naacha. Kisha namwona Bosi anachovya mkate kwenye chai yangu, akidhani simwoni. Nikiamka, mkono umeshachukua tindo."

Mama Bosi alijua sasa hakuna tena pa kujificha, na kwamba akiliacha neno hili lipite, hatalisema kamwe.

"Baba, kuna jambo nimekuficha. Mwanao..."

"Usiliseme."

"Lazima nilise..."

"Nasema usiliseme, mwanangu, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kulisema." Sauti ilipita kwenye bati ikiwa nzito na karibu, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. "Alinipigia mimi kwanza. Tulikuwa bado tunakwangua rangi. Akasema, baba, mweleze Mama Bosi taratibu. Nikamwambia mimi si tarishi wa aibu yako, jitume mwenyewe. Nikakata simu. Kisha nikaja nikakwambia msasa umekwisha."

Mama Bosi akaikumbuka siku ile. Msasa haukuwa umekwisha. Mzee alikuwa amesimama na karatasi mpya mkononi, akasugua sehemu moja tu, mchana kutwa, mpaka bati likatoa mwanga wa kijiko.

Kumbe walikuwa wamebeba gunia moja wawili, kila mmoja akidhani amelibeba peke yake, na kila mmoja akimkwepesha mwenzake uzito.

"Basi tangu siku ile boti hii ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Mzee alikohoa kikohozi cha kutafuta maneno.

"Haikuwa ya mtu. Ilikuwa kamba. Nilikuwa nimewafunga nayo."

Mama Bosi alifunika uso kwa kiwiko. Vumbi na machozi vikachanganyika, akawa na matope mashavuni. Nje, ndala mbili hazikusogea.

"Twende wote, baba."

"Nilikusikia ukiongea na dada yako. Chumba cha mpishi kina kitanda kimoja."

"Utalala jikoni."

"Na kukoroma kwangu? Wanafunzi watadhani mashine ya kusaga imekuja."

Walicheka, wote wawili, kila mmoja upande wake wa bati. Halafu kicheko kikakatika katikati, na hakuna aliyejaribu kukiunga. Wote walijua hatakwenda. Mkewe amezikwa mji huu, na mwili wake haukuwa tena wa kuanza mahali. Pia, ingawa hakuna aliyelitamka, mlango lazima uwe na mtu wa kuufungua, ikiwa mjinga yule siku moja atakumbuka kwao.

"Kazi yenyewe inakusubiri mpaka lini?"

"Shule zikifunguliwa."

"Lini hiyo?"

"Jumatatu, baba."

Miguu ilisimama vizuri, visigino vikaachana. Soksi ya nyundo ikaanguka chini karibu na gunia.

"Basi shika chuma," mzee alisema. "Ulikuwa unakishika vizuri siku zote. Shika hivyo hivyo."

Siku hiyo walipiga ribiti zote. Mzee alipiga kama mtu anayelipa kisasi na kama mtu anayeaga, pigo moja moja, bila kukosea, na Mama Bosi akasukuma chuma kwa mabega, akihisi kila pigo mpaka kwenye meno. Walipojaza maji na kupiga magoti, walichungulia muda mrefu. Fundi baiskeli aliruka ukuta akachungulia nao. Akafungua mdomo atanie, akaziona nyuso zao, akaufunga.

Jumapili alileta mkokoteni wake bila kuombwa. Boti ikapita mtaani, Mama Bosi na mzee wakiishika ubavuni, Bosi ameketi ndani akinyooshea watu vidole. Kwenye maduka watu walipiga makofi. "Hatimaye, mzee! Sasa mwanao arudi tu!" Mzee alipunga mkono. Mama Bosi alitazama gurudumu la mkokoteni.

Waliishusha majini taratibu. Ikatikisika, ikajiweka sawa. Mzee akapanda kwanza, akampokea mkwe wake kwa mkono, kisha wakampokea mtoto kutoka mikononi mwa fundi baiskeli, aliyebaki ufukweni na viatu vyake vilivyolowa, akifuta pua kwa mkono wa shati na kulaumu vumbi ambalo halikuwapo.

Mzee akapiga kasia mpaka pale ambapo kelele za ufukwe hazifiki. Maji yalikuwa yametulia, boti ikiyapasua kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa polepole. Alitazama mbele tu. Hakutazama chini hata mara moja, na Mama Bosi alielewa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaza macho kwenye mikono yake. Mifuko yao miwili ilikuwa imefungwa tayari, iko nyuma ya mlango. Tikiti zilikuwa ndani ya kikombe kabatini. Lakini moyo ni mtoto, hauambiwi ukaelewa, na moyo wake ulikuwa unaomba tone moja. Tone moja tu, pale chini ya kiti cha nyuma, mahali popote, ili mzee aseme lahaula, turudi nyumbani, kazi bado. Aliomba hivyo huku akijua kwamba Jumatatu ni kesho, na kwamba mtoto anahitaji shule, na kwamba hata likiingia pipa zima ataondoka.

Mzee akaweka kasia magotini. Akatafuta sauti yake ya kawaida, ya uani, akaipata nusu.

"Bosi, babu macho yake hayaoni vizuri. Hebu kagua humu ndani. Tafuta maji."

Mtoto akashuka chini kwa magoti, akaipokea kazi hiyo kwa uzito wote. Alipapasa kwa kiganja chini ya kiti cha mbele. Akafuata mshono wa kulia, ribiti kwa ribiti, ulimi umetoka nje kwa bidii. Akapita katikati ya miguu ya mama yake, akapita chini ya kiti cha babu, akaingiza mkono mpaka begani kwenye kona ya ubao wa nyuma, akakaa huko kitambo. Watu wazima wawili walisubiri, hawatazamani.

Kisha akainuka, akakiangalia kiganja chake, akakigeuza upande wa pili akakiangalia tena, akasema kwa sauti:

"Babu, humu hamna maji."