Pilipili Inataka Upepo

Nisikilizeni mimi, maana huko sokoni Rumonge watu wameanza kuisimulia harusi hii vibaya, na mimi Kadidja sipendi kusimuliwa vibaya.

Gari ni langu. Dogo, jekundu, milango miwili na ule wa nyuma wa kupakilia mizigo, na chini ya kapo kuna moteri ya turbo inayovuta utadhani umeitukana. Nimeipa jina Pilipili. Niliinunua Dar es Salaam mwenyewe, nikaiendesha mwenyewe mpaka hapa, na wanaume wa mtaa wetu wakaja mmoja mmoja kunipa pole. Eti hiyo ni gari ya vijana. Eti nchi yetu ni ya joto, itachemka. Na ilichemka kweli, mara moja, pale Gitaza, mbele ya wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Toka siku hiyo kaka yangu, Hadji Mansuri, hakuniacha nipumzike.

Yeye anaendesha jipu kubwa la zamani. "Angalia," ananiambia, akigonga kioo cha saa ya joto kwa kidole. "Sindano iko chini. Iko chini miaka yote. Na mimi hata kapo sifungui!"

Haya. Mimi baada ya Gitaza sikulala. Saa ya joto iliyokuja na gari niliiona kazi yake ni kukutuliza roho tu, sindano inakaa katikati kwa adabu mpaka maji yaanze kuruka. Nikafunga saa nyingine pembeni ya usukani, yenye namba. Tisini, endesha kwa raha. Mia, fungua macho. Mia na kumi, muombe Mungu. Nikabadilisha radiateri, nikaacha kabisa mambo ya kutia maji ya ziwa. Na fundi alipotaka kutoa termostati, kile kizibo kinachofunga na kufungua njia ya maji, eti kwetu kuna joto haina kazi, nilimfukuza na spana zake.

Kitu kingine: nikifika nyumbani sizimi mara moja. Turbo inakuwa ya moto, kwa hiyo naiacha moteri iungurume polepole kidogo. Hapo ndipo Hadji anatoka barazani na kelele zake. "Zima hiyo kitu! Esansi imekosekana nchi nzima, wewe unaichoma bure!"

"Ngoja, kaka. Ipumue kwanza."

Neno hilo linamkera kuliko kitu chochote duniani, ndiyo maana nalisema kila siku.

Sasa Sumaya. Sumaya ni binti yake, lakini mama yake alifariki mutoto akiwa mgongoni bado, na mgongo uliofuata ni wangu. Alipoposwa na Ramazani wa Nyanza-Lac, hakuomba dhahabu wala nini. "Shangazi, nataka wewe ndiye unifikishe ukweni. Na Pilipili." Basi. Hadji akakataa, mimi nikapandisha sauti, naye akapandisha, majirani wakatoka nje na sahani zao mkononi. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini nitakuwa nyuma yenu na jipu. Ikitoa moshi hata kidogo, mutoto anahamia kwangu, wewe unabaki barabarani na kigari chako."

"Sawa!" nikasema. Nilisema kwa hasira, na usiku ule ndipo nikaelewa nimekubali nini. Gari kufa, nitatengeneza. Lakini Sumaya kuchukuliwa mkononi mwangu katikati ya njia, na shela lake, watu wakiangalia? Hapana. Hilo nilijua sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Siku ikafika. Alfajiri nilipima maji, nikapima oili, kila kitu sawa. Nikaingia kuoga na kuvaa. Wanawake wa mtaa nao huku nje wakayapamba magari. Familia nzima tulikuwa tumeshona kitenge kimoja, kijani na njano, na nilipotoka nikaona kijani na njano mbele ya Pilipili, na maua, na riboni. Vigelegele hivyo, nani angeangalia vizuri? Nikapiga picha na mimi, nikacheka.

Kwa sababu ya esansi tulikuwa magari matatu tu. Mbele Roger, mpiga video wetu, amekaa juu ya dirisha la taksi na kamera yake. Katikati sisi, Sumaya mbele pembeni yangu, maana gauni lile lisingepita kwenda kiti cha nyuma hata kwa dua. Nyuma yetu jipu la Hadji. Na mwendo ndugu zangu! Roger alitaka ziwa lionekane, michikichi ionekane, bibi harusi apunge mkono. Kuna bwana alitupita na baiskeli yenye mabidoni mawili ya mawese, akatuambia amahoro, akaenda zake.

Kufika Mutambara, tisini na sita. Mbele kidogo, mia na moja.

Nikazima redio nisikilize. Feni inazunguka, naisikia. Maji nimepima mwenyewe. Sasa nini? Gari kama hii inataka upepo, ukiitembeza kama jeneza inakasirika, hilo najua, lakini si kwa haraka namna ile. Nikampigia Roger kilaksoni aongeze mwendo. Roger akafurahi, akamwambia dereva wake naye apige. Hadji nyuma akajibu na lake. Loo! Nani atasikia shida yako kwa kilaksoni siku ya harusi?

Mia na tano.

"Sumaya, mwanangu, shusha dirisha. Nafungulia shofaji."

"Shofaji? Ya kupasha joto? Shangazi, na jua hili?"

"Inatoa joto kwenye moteri, inatuletea sisi. Tusaidie kulibeba."

Aliniangalia, akaiangalia saa, kisha yule mutoto akacheka! "Leta," akasema. Nikafungulia mpaka mwisho. Hewa ikatupiga usoni kama umefunua sufuria ya mihogo. Rangi yote aliyopakwa toka usiku ikaanza kuteremka, wanja huku, poda kule. Sindano ikasimama kwenye mia na sita. Ikakaa. Nikamshukuru Mungu mapema mno, maana baada ya Resha tukakuta kamba ya polisi imekatiza barabara, na taksi ya Roger ikasimama.

Kusimama! Ndicho kitu pekee nilichokuwa naogopa. Mia na saba. Mia na nane. Kwenye kioo namwona Hadji anashuka kwenye jipu, anarekebisha kanzu, anakuja na tabasamu lake. Jasho linaniingia machoni. Nikatazama mbele nisimwone, na hapo mbele, kwenye kioo cha nyuma cha taksi, nikaiona Pilipili uso kwa uso.

Haikuwa na mdomo. Kitenge kilikuwa kimevutwa kutoka taa hii mpaka taa ile, kimekazwa sawasawa, maua juu yake. Hakuna tundu hata la kupitisha nzi.

"Wameiziba pua!" nikapiga kelele. "Kitenge, Sumaya! Kitenge ndicho kinatuua!"

Mimi bado napambana na mkanda, mlango wa Sumaya ukafunguka. Jamani, tangu asubuhi bibi wote walikuwa wamemwambia mguu wake usiguse ardhi mpaka mlangoni kwa wakwe. Viatu viko nyuma, hina haijamaliza siku. Akaruka chini peku, gauni mkononi, akakimbilia mbele ya gari. Fundo la kwanza likakubali. La pili likagoma. Akaliinamia akaling'ata kwa meno, akalivuta, kitenge kikachanika na maua yakaruka mpaka kwa polisi. Polisi wakapiga makofi! Mmoja alikuwa anacheka mpaka kofia ikaanguka, mwenzake akashusha kamba bila kuuliza karatasi yoyote.

"Sumaya!" Hadji akaita. "Hicho ni kitambaa cha harusi!"

"Baba, toa na chako! Moteri haipati hewa!"

"Yangu iko baridi! Sindano iko chini!"

Nikatoa kichwa dirishani. "Kaka, toa hicho kitu, nakuomba!" Nilimuomba, mbele ya mashahidi. Akanipungia mkono kama anafukuza kuku.

Sumaya akaingia, kitenge mapajani. "Shangazi, kanyaga!"

Nikampita Roger. Wallahi nilimpita na kamera yake ikigeuka kunifuata. Lakini sikukanyaga kwa hasira. Nikatia vitesi ya tano, gia ya mwisho, mguu mwepesi, turbo ilale na upepo uingie. Ziwa kulia linang'aa lote, michikichi inapita mbio, na bibi harusi wangu anasoma namba kwa sauti ya juu utadhani anatangaza mpira.

"Mia na nne! Mia! Tisini na saba, shangazi, tisini na saba!"

"Funga shofaji!"

"Tisini na moja!"

Tukapiga vigelegele wenyewe, wawili tu, madirisha wazi. Nilikuwa nalia na kucheka, sioni aibu kusema.

Nyanza-Lac tuliingia kabla ya watu kujipanga. Wakwe wakamwona bibi harusi ana wanja mpaka kidevuni na vumbi la barabara juu ya hina. Mama mkwe akamtazama toka shela mpaka nyayo. Kisha akapasuka kucheka, akamkumbatia, akamwingiza ndani kumwosha uso. Nilikuwa nimemfikisha. Nilitaka kulala pale pale uani.

Lakini shehe akauliza, "Baba wa binti yuko wapi?"

Roger ndiye aliyekuja na habari, mavumbi matupu. "Hadji iko huko nyuma. Alitaka kuwafukuzia nyinyi. Jipu inatoa moshi kama jiko la kuni, na amekataa kuiacha."

Sitadanganya, nilicheka. Nilicheka nikashika ukuta. Halafu nikamwona Sumaya mlangoni, uso umeoshwa, hacheki. Nani atamwoza bila baba yake? Nikakamata ufunguo.

Nilimkuta kaka yangu amesimama peke yake kando ya barabara, mvuke umemzunguka, kitenge cha kijani na njano bado kimekaza mbele ya jipu. Hakuangalia mvuke. Alikuwa ameinama dirishani anaangalia saa yake ya joto.

"Lakini sindano iko chini," akasema.

"Imekufa, kaka. Sijui imekufa mwaka gani."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, makali, ya miaka yote. Nilipouona uso wake yakaniishia. "Ingia," nikasema. "Mutoto anangoja."

Akaingia, magoti kidevuni, akakalia vibanio vya nywele vya binti yake akavitoa kimoja kimoja. Nikakanyaga. Kisha nikaona macho yake yamehamia pembeni ya usukani.

"Tisini na mbili. Ni mbaya?"

"Ni nzuri."

"Tisini na tano! Kadidja, inapanda!"

"Ni kilima, kaka. Itashuka."

"Imeshuka!" Akapiga goti lake kwa furaha. "Imeshuka, tisini na tatu!"

Akanisomea hivyo mpaka Nyanza-Lac, kila namba, kwa sauti ya adhana.

Tukaingia uani, watu wakatukimbilia pande zote, milango inavutwa. "Hadji, shuka! Shehe anakungoja! Bwana harusi anakungoja!" Nikanyoosha mkono haraka kuzima moteri.

Hadji Mansuri akanishika kiganja.

"Ngojeni," akawaambia wote. "Ipumue kwanza."