Pete Ndani ya Bomba

Mtaani wananiita Mama Bomba, kwa kuwa miaka ishirini sasa nakula kwa kuchomelea mabomba ya moshi ya magari. Gereji kwetu kuna jambo tunaloliamini wote: moshi ukibanwa kidogo, injini hutulia na kupata nguvu. Hakuna aliyewahi kulipima. Tunalisema tu, tena kwa ubishi.

Kaka yangu, fundi injini mstaafu, alitumia mwaka mzima kufufua injini ya kuzunguka. Haina pistoni. Ndani yake kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, na kila ncha ina kipande chembamba cha kuziba hewa isivuje. Siku ilipowaka alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kelele zake zilikuwa balaa, na mkewe akanivuta pembeni.

"Wifi, nifanyie jambo. Kichwa kinanipasuka, na yeye siwezi kumkatia raha yake."

Nikaona kazi yenyewe ndogo. Nikalikata bomba, nikachomelea pete nene ya chuma ndani ili njia iwe nyembamba, nikalifunga. Kaka sikumwambia. Alipowasha injini aliinamisha kichwa.

"Mlio umebadilika. Kuna kitu kwenye bomba?"

"Hakuna kitu, kaka. Masikio yako hayo, umri umekwenda."

Nilisema huku nacheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Wiki ya sita injini ikafa. Aliifungua yote mezani, mimi nimemshikia taa. Vile vipande vya kwenye ncha vilikuwa vimeungua na kupinda. Nilielewa palepale: injini hii hutema moshi wa moto kuliko magari niliyoyazoea, na mimi nilikuwa nimeuzuia usitoke, ukabaki kuivisha kila kitu humo ndani. Kaka akaelewa vingine.

"Nilivipanga vibaya," akasema. "Kazi hii imenishinda."

Nami nikaendelea kumshikia taa. Mwoga mkubwa mimi.

Toka siku hiyo akawa mtu mwingine. Alimuuliza mkewe kama birika limechemka, na birika linapiga mluzi mbele yake. Mteja wake wa zamani alileta gari amsikilizie mlio tu, kaka akamwambia atafute fundi mwenye masikio. Jumamosi nilimkuta anazifunga spana zake kwenye matambara azipeleke chuo cha ufundi, wakazitumie wanaojua.

Hapo nikashindwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba lilikowekwa lile bomba, nikalikata kwa msumeno, nikaja kumwekea ile pete mezani.

"Niliiweka mimi. Siku ile uliyoniuliza, ilikuwa humo ndani."

Aliigeuzageuza mkononi. Nilingoja anitukane, matusi yangenipa nafuu.

"Kwa hiyo nilisikia," akasema.

"Ulisikia, kaka. Nisamehe."

"Injini nitaitengeneza, hiyo si kitu." Hakuwa akiniangalia. "Ila nilikuamini wewe nikayaacha masikio yangu, mdogo wangu. Sasa hata hili unaloniambia leo, nimuulize nani kama ni kweli?"

Nilitaka kumwambia aniulize mimi.