Mshale wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuingia kwenye kompyuta za watu nikiwa nimekaa kwangu. Naingia kwa ruhusa, kwa programu ya kuendeshea mashine kwa mbali, na nikishaingia naona yote ambayo mwenye nyumba alidhani ameyaficha. Nimeona barua za kuacha kazi zilizoogopa kutumwa. Nimemwona mhasibu akicheza karata huku ananilalamikia kwamba mashine yake nzito. Ningekuwa mmbeya ningeshatajirika, lakini nilichojaliwa ni hasira tu.

Mahali pekee nilipokuwa naingia kwa adabu ni kwa mama mkwe. Yeye ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitunga mtihani wa jiografia wa darasa la mwisho. Mume alishamtangulia, magoti yamegoma, na wenzake wengi wamekuwa majina kwenye mawe. Kilichombakia ni mtihani ule. Wakubwa wa kamati ya mitihani ni wanafunzi wake wa zamani, na wakimwona bado wanasimama.

Kompyuta yake ni ya Windows, nzee, anaifunika kitambaa cha kufuma kila akimaliza kazi utadhani mgonjwa. Yangu ni ya Linux, kwa sababu mimi ni mbishi. Ya wifi yangu ni Mac, kwa sababu yeye ni binti wa pekee. Nasema wifi, dada wa mume wangu, si ile ya mtandao, ingawa zote mbili hupotea pale unapozihitaji.

Asubuhi moja mama akanipigia simu, jambo analolifanya pale tu mwanawe asipopatikana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe ndiye unayejua mambo ya kubonyezabonyeza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi njoo. Na usije kupitia huo mlango wako wa kishetani. Njoo kwa miguu."

Nilimkuta ameketi wima kwenye kiti chake chenye mto uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Akanipa simu yake bila kuniangalia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amemtumia picha inayozunguka kwa wanafunzi: swali la saba la mtihani ambao haujafanywa bado, lile la kwa nini mto hupindapinda unapokaribia bahari. Kamati ilikuwa inakutana mchana huohuo.

"Wanasema nimeuza," akasema. "Nimeitwa mwizi na mtoto niliyemfundisha kufunga viatu."

Chai yake ilikuwa imepoa mezani bila kuguswa, na mimi sikujua macho yangu niyaweke wapi. Mama huyu haachi chakula. Siku ya harusi yangu mvua iliangusha turubai, yeye akaendelea kula.

Nikaikuza ile picha. Yeye alikuwa ameliangalia swali. Mimi nikaangalia pembeni. Juu kushoto mwa dirisha kulikuwa na vidoti vitatu: chekundu, cha njano na cha kijani. Kwenye Windows ya mama, pa kufungia dirisha ni msalaba ulio kulia. Picha ile ilipigwa kwenye Mac. Na ukingoni, karibu kikatwe, kulikuwa na kipande cha kitambaa chenye maua ya rangi ya machungwa, makubwa kama sahani.

"Mama, pazia hili ni lako?"

"Mimi nitundike kitu kama hicho? Nimerukwa na akili?"

Wifi anauza mapazia. Anawaonyesha wateja kwa simu za video, akiwa kwake, kwenye Mac.

Nikaondoa kitambaa cha kufuma, nikawasha, nikafungua ile programu. Mimi nilikuwa nimeiweka iulize kwanza: mtu akitaka kuingia, kinatokea kidirisha, na mama anabonyeza Kubali. Ni hodi na karibu, basi. Nikakuta mtu ameibadilisha. Ameweka nenosiri la kudumu, kuingia bila kuulizwa, na chini kwenye kona kulikuwa na taa ya kijani, ndogo kama dengu. Maana yake kuna mtu ndani, wakati ule ule.

"Hiyo taa?" mama akasema. "Hiyo mbona inawaka kila siku. Nilidhani ni ya umeme."

Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa kwenye pazia. Sikatai, nilipata raha kidogo. Wifi huyu ndiye aliyewahi kuniuliza mbele ya ukoo mzima kama kazi yangu ina jina. Nikampigia, nikaweka simu mezani ili mama naye asikie.

"Wifi, umefungua skrini ya mama hapo kwako?"

"Ipo kwenye kona."

"Unaifanyia nini?"

"Siifanyii kitu. Naangalia mshale."

"Mshale gani?"

"Wa kipanya. Ukitembea najua yupo."

Raha yangu ikaniishia palepale. Wifi akaanza kueleza haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajakatazwa. Mama hapokei simu. Akipokea anasema usinipigiepigie kama kuku anayetaka kutaga. Na baba alifia kwenye kiti, redio inaongea, watu wanapita sebuleni wakidhani anasikiliza habari. Kwa hiyo alipokuja kumuuguza mama magoti, aliiweka ile programu imwachie mlango wazi. Mchana kutwa skrini ya mama iko kwenye kona ya skrini yake, na mshale ukikaa sana bila kusogea anautikisa. Mama akiurudisha, yeye anaendelea na mapazia.

"Kumbe ni wewe," mama akasema. "Nililalamika mshale unatangatanga."

Alilalamika kwangu. Mimi nilimwambia meza ina vumbi, nikamnunulia na kipanya kipya. Fundi mzima, mwenye vyeti ukutani. Nikatamani kujifunika kile kitambaa cha kufuma.

Mengine yalijieleza. Mac inapokuuliza uwaonyeshe watu dirisha moja au skrini nzima, wifi huchagua nzima, eti mteja aone mapazia yote. Mteja mmoja mwenye mtoto wa darasa la mwisho aliona zaidi ya mapazia, akaipiga picha ile kona yenye swali.

Wifi alikuwa analia sasa. "Wifi, andika kwamba ni wadukuzi. Wewe ni mtaalamu, watakuamini."

Wangeniamini kweli. Huo ndio uongo mwepesi kuliko wote kwenye kazi yetu. Wadukuzi hubebeshwa kila kitu na hawaji kujitetea. Nikamwangalia mama. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa tayari kumdanganyia mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyu.

"Nimtaje mwizi ambaye hayupo, halafu mwakani niwaandikie watoto 'kunakili ni kosa'?" mama akasema. Akaichukua simu, akamuaga binti yake, akampigia mwenyekiti. "Swali limetoka nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa ananichungulia kama nimekufa, nami sikujua mlango uko wazi. Itupeni karatasi yote. Nikiruhusiwa, nitatunga nyingine."

Wakati anasubiri jibu mimi nikafunga mlango. Nikafuta nenosiri la kudumu, nikaziondoa mashine zote zilizokuwa zimeaminiwa, nikaipa programu toleo jipya, nikaiweka itume namba ya siri kwenye simu ya mama kabla ya mtu kuingia, na Kubali nikairudisha. Ile taa ya kijani ikazimika. Nikamwambia mtihani ungepaswa kukaa kwenye mashine isiyojua mtandao ni nini. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Mwenyekiti alipiga mchana. Alishukuru sana, kwa sauti ya mtu aliyesimama. Walimwamini. Lakini kazi wameshampa mwingine, ili mwalimu apumzike. Kupumzika, neno lile lile wanalolitumia makaburini.

Mama aliweka simu chini, akakaa anaitazama skrini isiyo na kitu.

"Sasa mshale nitautembeza kwa kazi gani?" akauliza.

Mimi nina jibu la kila swali, mara nyingi la matusi. Safari hii nikajifanya nakaza waya.

"Hiyo programu yako," akasema baadaye, "inakwenda upande mmoja tu?"

"Upande gani, mama?"

"Nataka nimwone yeye."

"Wifi? Ili iweje?"

"Kwani yeye hafi?"

Nikampigia wifi tena, nikamwelekeza. Mwanzo tuliona weusi mtupu. Nilijua ni nini: Mac haimruhusu mtu wa mbali kuona skrini mpaka mwenye nayo aende kwenye mipangilio akatoe ruhusa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hata mimi sina ujanja.

"Bonyeza ruhusu," nikamwambia.

"Mama, huku hakujapangwa. Mafaili yamezagaa kila mahali."

"Nilikuosha ukiwa huna hata nguo," mama akasema. "Bonyeza."

Skrini ikafunguka: mapazia, oda zisizojibiwa, mafaili kila kona kama soko lililovamiwa. Na katikati ya yote hayo, mshale mdogo mweusi, umetulia. Mama akavaa miwani, akausogelea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mbona wako hautembei?"

"Nalia, mama."

"Basi lia huku unautembeza."